Edward Steere na herufi unazozisoma kwenye simu yako

Wasikilizaji wetu wa Rungwe Mpya, tumepokea simu zenu. Makala yetu ya chanjo ya mifugo ilipofunguliwa kwenye simu, kila penye neno ng'ombe palionekana ngâ€™ombe. Mzee mmoja alituuliza kama huo ni ugonjwa mpya. Hapana mzee, kosa lilikuwa letu, na tutalieleza. Lakini kwanza tuzungumze habari za mtu ambaye kazi yake ndiyo iliyofanya maneno mengine yote ya makala ile yasomeke bila shida.

Edward Steere alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1828. Alisomea sheria akawa wakili, kisha akaiacha kazi hiyo akawa padri wa Kianglikana kijijini. Rafiki yake William Tozer alipofanywa askofu wa misheni ya Afrika ya Kati mwaka 1863, Steere alifuatana naye. Walianzia upande wa mto Zambezi na Shire, mambo yakawawia magumu, na mwaka 1864 wakahamia Unguja. Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa watoto waliookolewa kutoka utumwani.

Tusidhani kwamba aliwakuta Waswahili hawajui kuandika. Walikuwa wakiandika tangu zamani kwa herufi za Kiarabu: tenzi, barua, hesabu za biashara. Hata huku kwetu Kigoma, wafanyabiashara wa Ujiji walipelekeana barua za namna hiyo na wenzao wa pwani. Ila herufi za Kiarabu zilitengenezwa kwa Kiarabu, ambacho hakina p wala ch, na alama zake za irabu ni tatu tu, hali Kiswahili kina irabu tano. Kwa maandishi ya kawaida ya siku zile, p iliandikwa kama b, na e ikaandikwa kama i. Basi mama anayepeta mahindi na mama anayepita njiani waliandikwa sawasawa. Msomaji aliyejua habari inayosimuliwa alielewa. Mgeni alikwama.

Steere alikaa na watu wa Unguja akiwasikiliza, akiwauliza, akiandika. Alichagua herufi za Kilatini kwa kanuni rahisi: irabu zitamkwe kama za Kiitaliano, konsonanti kama za Kiingereza. Hakuziwekea herufi vitone wala kofia za juu, kama lugha nyingine zilivyofanyiwa. Mjerumani Johann Ludwig Krapf alikuwa ametangulia kuandika Kiswahili kwa Kilatini, naye alifuata lahaja ya Mombasa. Steere alifuata ya Unguja. Mwaka 1870 vilitoka vitabu vyake viwili, kimoja cha kufundishia lugha na kingine cha hadithi alizosimuliwa na wenyeji. Kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji cha misheni, vijana waliotoka utumwani walipanga herufi za risasi moja moja kwa mikono yao. Sisi tunaona hao nao wanastahili kutajwa kila anapotajwa yeye.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mahali pale pale Mkunazini Steere akasimamia ujenzi wa kanisa kuu. Alifanywa askofu mwaka 1874. Mwaka 1876 alitembea kwa miguu kutoka Lindi pamoja na watu waliokombolewa, wakaanzisha makazi yao Masasi. Kanisa lilifunguliwa Krismasi ya mwaka 1879. Alifariki Unguja mwezi wa Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa hilo.

Baadaye shule za Wajerumani nazo zilitumia herufi za Kilatini. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukachagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Faida tunaiona, lakini hasara ilikuwepo. Mtu aliyeandika barua nzuri kwa herufi za Kiarabu maisha yake yote alijikuta anahesabiwa kuwa hajui kusoma, na wajukuu zake hawakuweza kuzisoma barua zake.

Sasa turudi kwa ng'ombe wetu. Kompyuta haijui herufi, inajua namba. Wamarekani walipotunga orodha yao ya namba za herufi mwaka 1963, ilikuwa na nafasi 128 tu, na herufi zote za Kiswahili ziliingia humo kwa sababu hazina vitone. Wafaransa na Wajerumani hawakuwa na bahati hiyo. Ritifaa iliyonyooka, ile koma ya juu katika ng'ombe, nayo imo. Bahati mbaya programu yetu ya kuandikia huibadilisha yenyewe ikawa ya kupinda, na hiyo haimo. Katika orodha kubwa inayotumika leo, iitwayo UTF-8, ritifaa ya kupinda huhifadhiwa kwa namba tatu zinazofuatana.

Seva, yaani kompyuta inayowatumia ninyi kurasa, huitangulizia simu tangazo fupi kwamba ukurasa unaokuja umeandikwa kwa orodha fulani. Kurasa zetu zilikuwa za UTF-8, lakini seva ilitangaza orodha ya zamani ya Ulaya Magharibi, ambayo kila namba ni alama moja. Simu zikatii, zikasoma namba tatu kama alama tatu: â, € na ™. Fundi wetu amesahihisha mstari mmoja katika mipangilio ya seva ili itangaze UTF-8, nasi tumeizuia ile programu isiipinde ritifaa.

Ukiufungua ukurasa ule bado ukaona alama hizo, huenda simu yako imeuhifadhi wa zamani. Uburute ujipakie upya. Ukikataa, tupigie, utuambie ni neno gani.