Joginder Singh, fundi aliyevishinda viwanda kwa gari lililokwisha tumika

Wakati wa Pasaka ya mwaka 1965, gari aina ya Volvo PV544 lenye namba 1 ubavuni lilimaliza Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki likiwa la kwanza barabarani, kama lilivyokuwa la kwanza kuondoka. Ndani yake walikuwamo ndugu wawili, Joginder Singh na Jaswant Singh. Hayo yalikuwa mashindano ya kumi na tatu tangu yaanzishwe mwaka 1953, na hadi siku hiyo madereva wote walioshinda walikuwa Wazungu. Gari lenyewe nalo lilikuwa la kustaajabisha. Halikuwa jipya, wala halikuletwa na timu ya kiwanda. Volvo ilikwisha litumia mashindanoni na kulistaafisha, Joginder akalinunua na kulitengeneza upya.

Joginder alizaliwa Kericho, nchini Kenya, tarehe 9 Februari 1932, katika familia ya Kalasinga iliyotoka Punjab. Ufundi aliupata mapema katika gereji ya baba yake. Mashindano ya Safari aliyaingia mwaka 1959, akiwa fundi kwanza na dereva baadaye, na mpangilio huo haukubadilika maisha yake yote. Alishindana akiwa amevaa kilemba chake, na akapewa lakabu ya Singasinga Arukaye.

Katika miaka hiyo Safari ilikuwa ya nchi zote tatu: Kenya, Uganda na Tanganyika. Urefu wake ulikuwa takriban kilomita 5,000 za vumbi, mawe na, mvua za Pasaka ziliponyesha, tope linalolifikia tumbo la gari. Wasikilizaji wetu wa Buteba, Busia na Tororo hawahitaji kuelezwa barabara ya udongo hufanyaje mwezi wa Aprili. Viwanda vya Ulaya vilileta magari mapya, vipuri kwa malori na mafundi waliosubiri njiani. Joginder alikuwa na ndugu zake na spana zake.

Injini ya gari lile huitwa B18. Ina silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 1,778, na ndiyo iliyowekwa pia katika gari la kimichezo la Volvo P1800, lililoanza kuuzwa mwaka 1961. Bloku na kichwa chake ni vya chuma cha kusubu, na krankshafti imeshikwa na beringi kuu tano, ilhali injini nyingi za silinda nne za wakati huo zilikuwa na tatu tu. Krankshafti iliyoshikwa mahali patano haipindiki kwa urahisi injini inapozungushwa kwa nguvu. Ushahidi wa uimara wake upo Marekani: Irv Gordon aliendesha P1800 yake ya mwaka 1966 hadi ikapita maili milioni 3 mwaka 2013.

Hata hivyo, uimara wa kiwandani hautoshi kwa injini iliyokwisha chakaa. Mafundi wa mpakani husema wanaishusha injini, na neno hilo lina uzito wake, kwa maana kila kitu hushushwa kweli. Pistoni hutolewa, beringi hukaguliwa, na silinda hupimwa juu, katikati na chini, kwa sababu silinda iliyotumika haibaki kuwa duara. Hulika zaidi upande ambao pistoni huusukuma. Ikiwa imelika kupita kiasi, huchongwa upya na kuwekewa pistoni kubwa zaidi. Kisha kuta zake hukwaruzwa kwa jiwe ili zibaki na mistari myembamba inayokatana. Asiyejua atadhani fundi ameharibu kazi yake. Kumbe mistari hiyo ndiyo huhifadhi oili, na ndiyo huzisugua ringi mpya hadi zikalie silinda barabara.

Baada ya hapo huja hatua ambayo wengi huiharibu, yaani kuizoeza injini. Kamshafti mpya isiachwe ikizunguka polepole katika dakika za mwanzo. Injini hushikiliwa kwenye mizunguko kama 2,000 kwa dakika ili oili irukie nundu zake. Barabarani, kosa la kwanza ni kuikimbiza injini ikiwa bado nzito, kwa kuwa joto la msuguano huweza kuifanya pistoni ing'ang'anie silinda. Kosa la pili hufanywa na watu wapole. Anayeidekeza injini mpya kwa mwendo wa maziko huziacha ringi bila msukumo wa kutosha. Oili huungua ukutani, hujaza ile mistari na kuifanya iwe laini kama kioo, na gari hutoa moshi wa buluu hadi lishushwe tena. Njia sahihi iko kati ya hayo mawili: kupanda mlima kwa mzigo wa wastani, kuachia mafuta wakati wa kuteremka, kubadilisha mwendo kila mara, kisha kumwaga oili mapema kwa sababu imebeba chembe za chuma. Boliti za kichwa hukazwa tena, na nafasi za valvu hupimwa upya.

Kazi hiyo haionekani na mtazamaji aliyesimama kando ya njia akipungia mkono. Matunda yake huonekana katika orodha ya waliomaliza. Mwaka 1963 magari 84 yalianza Safari na 7 tu yakamaliza. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 vilevile. Joginder alimaliza mara zote mbili. Kwa jumla alishiriki Safari mara 22 hadi mwaka 1980, akamaliza mara 19. Kwa maoni yangu, hesabu hiyo inamweleza kuliko hata vikombe vyake.

Ushindi wa pili ulikuja mwaka 1974, katika mvua kubwa. Akiwa na msaidizi wake David Doig ndani ya Mitsubishi Lancer lenye injini ya lita 1.6, alimwacha Msweden Björn Waldegård nyuma yake katika Porsche 911. Miaka miwili baadaye, Joginder na Doig walishinda tena kwa Lancer, na Mitsubishi ikachukua nafasi zote tatu za kwanza.

Lakini upande wetu wa mpaka mambo yalikuwa yamebadilika. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na pamoja nao wakaondoka mafundi na wauza vipuri wengi. Miongoni mwa waliohamia Kenya alikuwa kijana Shekhar Mehta, ambaye mwaka uliofuata alishinda Safari kwa Datsun 240Z, na baadaye akafikisha ushindi mara tano, rekodi iliyompita Joginder mwenyewe.

Joginder aliishi miaka yake ya mwisho Uingereza. Alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81.