Kimathi Hakunyongwa kwa Kuua, Alinyongwa kwa Bastola

Ndugu zangu, leo naomba mnivumilie nitoke kidogo kwenye mambo yetu ya bandari na siasa za kaunti, nimzungumze mtu wa bara. Dedan Kimathi kila mtu anamjua kwa jina. Lakini muulize kijana yeyote, awe wa Majengo au wa Nyeri, Kimathi alinyongwa kwa kosa gani, naye atakujibu bila kusita kwamba aliua Wazungu. Sivyo. Shtaka lililompeleka kitanzini lilikuwa la kupatikana na bastola. Mahakama ile haikumhukumu kwa roho ya mtu hata mmoja.

Nadhani tunahitaji kulijua hilo leo kuliko zamani, na sababu nitaieleza. Kwanza tumjue mtu mwenyewe.

Kimathi alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1920 huko Tetu, Nyeri. Babake alikuwa ameshafariki kabla yeye hajazaliwa, akalelewa na mamake. Aliingia shule amechelewa, tayari barobaro, na karo ilikuwa tabu. Akawa anakusanya mbegu za miti auze ili asome. Alifika hadi shule ya misheni ya Tumutumu, lakini pesa zikamshinda akaacha. Pamoja na hayo Kiingereza alikishika vizuri, na waliomjua walimsifu kwa kuandika na kwa kujadiliana. Baadaye alirudi kufundisha kwa muda mfupi katika shule ya Karuna-ini aliyoanzia yeye mwenyewe.

Katikati ya hapo, mwaka 1941, aliingia jeshi la Mwingereza. Hakukaa, aliondolewa mapema. Hapa ndipo tofauti yake na Waruhiu Itote, yule aliyekuja kuitwa Jenerali China. Itote alipelekwa Burma na jeshi la King's African Rifles, akapigana na Wajapani. Bunduki yake ya kwanza alipewa na Mfalme wa Uingereza, akafunzwa namna ya kuipiga na kuitunza, akalipwa mshahara kwa kuibeba. Miaka michache baadaye, mtu huyo huyo aliponaswa mwanzoni mwa 1954, alihukumiwa kifo kwa kukutwa na risasi. Hakunyongwa, kwa kuwa alikubali kushirikiana na serikali. Nani amekupa silaha, na kwa ajili ya nani unaibeba, ndiyo iliyoamua kama utavishwa nishani au kitanzi.

Kimathi hakuwa na ujuzi huo wa vita. Alichokuwa nacho ni kalamu. Alijiunga na chama cha KAU, na kufikia 1952 alikuwa katibu wa tawi lake la Thomson's Falls, ambako leo ni Nyahururu. Huko Rift Valley aliwaona watu wa kwao wakiishi kama maskwota kwenye mashamba ya walowezi, wakilima ardhi ambayo hata wakifa hawakuwa na haki ya kuiachia watoto wao. Sisi wa Pwani hatuhitaji kufafanuliwa habari ya uskwota. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari. Kimathi alikamatwa baada ya siku chache, akatoroka, akaingia msitu wa Nyandarua. Hakutoka tena ila akiwa amejeruhiwa.

Watu hudhani wapiganaji wa msituni walikuwa na bunduki kama tunavyoona kwenye filamu. Wengi waliingia na sime, panga na mikuki. Bunduki ilikuwa kitu cha kungojewa miezi, na ile ya kwanza mtu kuishika mara nyingi haikuwa bunduki ya kiwandani. Ilikuwa ya kuchongwa na mafundi: bomba la maji, kipande cha mti, komeo la mlango na ukanda wa mpira wa gari. Nyingine zilitengenezwa humo humo msituni, nyingine Nairobi, mitaa ya Waafrika upande wa mashariki, katikati ya makelele ya nyundo na mabati ambapo nani angejua fundi anagonga nini.

Mimi habari hizi sikuzipata darasani. Nilipomaliza diploma yangu nilikwenda Nairobi kutafuta riziki, nikapanga chumba cha mabati Mukuru kwa Njenga, nikifanya kazi ya kuhesabu mizigo kwenye ghala moja la Industrial Area. Kwa asiyepajua, Mukuru kwa Njenga ni mtaa wa mabanda upande wa Embakasi, karibu na Pipeline na Kware. Jina hilo la Kware linatokana na machimbo ya mawe. Kila uchochoro una fundi wa jua kali anayechomea milango ya chuma, na komeo zimetundikwa nje kama samaki.

Ploti yetu ilikuwa na mzee mmoja wa Murang'a, mlinzi wa usiku. Mimi nikirudi kazini yeye ndiyo anatoka, kwa hiyo mazungumzo yetu yalikuwa ya siku za mapumziko. Nilikuwa nikimwita Baba, naye akiniita Mswahili. Siku moja tukiwa kwa fundi aliokota komeo la mlango, akalivuta na kuliachia, likalia, akaniambia kwamba babake alikwenda vitani na kitu kama hicho.

Babake, alivyonisimulia, alikaa msituni miezi na sime tu. Mwisho mwenzake mmoja alikufa, naye akarithishwa bunduki yake. Alifurahi mno. Alilala nayo kifuani, akaifunika na ngozi mvua isiingie, na wenzake wakaanza kumpa nafasi ya mbele kwenye moto. Alikuwa amekuwa mtu. Siku alipoifyatua kwa mara ya kwanza, bomba lilipasuka likamchukua vidole viwili. Mzee alikuwa akicheka akieleza kwamba kwa bunduki zile, aliye nyuma yake alihitaji dua sawa na aliye mbele. Lakini alipomaliza kucheka aliniambia jambo jingine. Babake aliporudi kijijini baada ya vita alikuta shamba limegawiwa mgambo aliyekuwa upande wa serikali. Vidole vilikwenda, na shamba likaenda.

Bunduki za kweli zilipatikana kwa kunyang'anya. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji walivamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakachukua bunduki zaidi ya arubaini na kuwafungulia mahabusu. Usiku huo huo huko Lari, upande wao wa Mau Mau uliua wanawake na watoto kwa moto na panga, na wengi wakauawa tena kwa kisasi kilichofuata. Siwezi kutaja Naivasha nikainyamazia Lari. Silaha nyingine na risasi zilitoka Nairobi, zikipitishwa na watu wa kawaida, wakiwemo akina mama waliozificha kwenye vikapu. Mwingereza alilijua hilo. Tarehe 24 Aprili 1954 aliuzingira mji mzima katika operesheni ya Anvil, akaikokota mitaa ya Eastlands nyumba kwa nyumba, wanaume kwa maelfu wakapakiwa malori kupelekwa kambini. Toka siku hiyo msitu ukaanza kufa njaa, ya chakula na ya risasi.

Na Kimathi je? Ajabu yake ni kwamba katika msitu ule wa bunduki chache, yeye alikuwa akisisitiza karatasi. Mwezi Agosti 1953 viongozi walikutana, wakaunda baraza la vita, yeye akawa kiongozi wake. Mapema 1954 waliunda chombo walichokiita Bunge la Kenya. Alitaka kila kitu kiandikwe: majina ya wapiganaji, waliokufa, vyeo, silaha iliyo mikononi mwa kila kundi. Aliandika barua kwa serikali na kwa wenzake. Karari Njama, aliyekuwa mwalimu, alikuwa mwandishi wake na baadaye akaacha kitabu kinachoeleza mambo hayo. Stanley Mathenge, kiongozi mkubwa ambaye hakupata elimu ya shule, hakupendezwa na utawala huo wa wino, na wawili hao wakafarakana. Wala tusimfanye Kimathi malaika. Kadiri msitu ulivyobanwa ndivyo shaka ilivyomwingia, na wapo wenzake waliouawa kwa amri yake.

Mwisho wake ulikuwa wa mtu mpweke. Ian Henderson, afisa wa polisi, alikuwa akiwatumia wapiganaji waliosalimu amri kuwasaka wenzao, hadi Kimathi akabaki karibu peke yake. Alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956, akiwa na njaa na amevaa ngozi ya chui, alitoka msituni kuelekea vijiji vya kwao Nyeri. Askari Mwafrika kwa jina Ndirangu Mau alimpiga risasi ya mguu. Akapatikana na bastola moja.

Bastola hiyo moja ndiyo ikawa kesi nzima. Ilisikizwa Nyeri mwezi Novemba mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor na washauri watatu Waafrika. Kimathi alijitetea kwamba alikuwa akienda kujisalimisha. Hakuaminiwa. Mambo ya ardhi, ya kipande, ya watu kufukuzwa makwao, hayakuwa na nafasi kwenye meza ile. Sheria za Hali ya Hatari zilifanya kumiliki silaha kuwa kosa la kifo, kwa hiyo upande wa mashtaka haukuhitaji kuthibitisha zaidi ya chuma kile. Rufaa zikakataliwa. Tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa katika gereza la Kamiti, akazikwa humo humo kaburi lisilo na alama.

Hakuwa peke yake. Katika miaka ile Mwingereza alinyonga watu 1,090 nchini Kenya, na mamia kati yao hawakuhukumiwa kwa kuua. Kosa lao lilikuwa silaha, wengine risasi tu. Wengine hata mahakama hawakuiona, walitupwa vizuizini. Na hapo ndipo habari hii inapotufikia sisi. Kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu, kilikuwa kambi ya wafungwa hao. Hola, kwenye mto Tana, ndiko walikopigwa hadi kufa watu 11 tarehe 3 Machi 1959 kwa kukataa kazi ya kulazimishwa. Vita vile havikuishia bara.

Sasa niseme kwa nini nimeyafufua haya. Nilipokuwa Mukuru, kijana mmoja wa ploti ya jirani aliuawa usiku. Mamake alikuwa akiuza mandazi asubuhi, na kijana akimsaidia kubeba makaa. Kulipokucha taarifa ilikuwa fupi: jambazi ameuawa, bastola ya kujitengenezea imepatikana. Huenda alikuwa nayo kweli. Najua kwamba mitaani vijana hutongozwa na wakubwa wao wapewe ya kwanza, na wanaipokea kwa furaha ile ile ya babake yule mzee. Huenda pia hakuwa nayo. Lakini baada ya neno bastola hakuna jirani aliyeuliza swali tena, hata mimi niliona ndimi zikifungika. Mama alizika mwanawe kama anayeiba. Kimathi angalau alipewa hakimu.

Na huku kwetu, Likoni, Kisauni, Majengo, ni mara ngapi tumeisikia taarifa hiyo hiyo? Ni mara ngapi tumeimeza? Bunduki ikishatajwa inafuta kila kitu kilichomtangulia mtu: shule aliyoikosa, kazi aliyoinyimwa, ardhi iliyouzwa babake akiwa juu yake. Mkoloni alijua hilo, ndiyo maana akamfanyia Kimathi kesi ya bastola. Kijana anayedhani ile ya kwanza itampa heshima ajue kwamba siku atakayoipokea, amewapa wakubwa sababu ya kutomsikiza milele. Na sisi wazazi tujue kwamba ni haki yetu kuuliza, hata baada ya bastola kutajwa.

Tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili toka anyongwe, sanamu ya Kimathi ilizinduliwa Nairobi kwenye barabara yenye jina lake. Mkono mmoja una bunduki, mwingine una jambia. Hata sisi tuliokuja kumheshimu tumempa chuma kile kile alichoshtakiwa nacho, wala hatukumwekea kalamu. Mjane wake, Mukami, alifariki mwaka 2023 akiwa bado anaomba aonyeshwa kaburi la mumewe. Na Mukuru kwa Njenga, mwishoni mwa 2021, matingatinga yalibomoa nyumba za maelfu ya watu kupisha barabara, wakalala nje na watoto kwenye mvua, kwenye ardhi ambayo hati zake ziko mikononi mwa wengine. Swali lililompeleka Kimathi msituni lilikuwa la ardhi. Mahakama ya Nyeri ilikataa kulisikiza. Sisi tuna bunge, tuna kaunti, tuna Tume ya Ardhi, na bado halijajibiwa.