Calestous Juma: Mwana wa seremala aliyetetea mbegu za kustahimili ukame

MTU anayeshika barabara ya Naivasha kutoka Dagoretti Corner hupita kwanza msongamano wa Kawangware, wenye vibanda na wachoma mahindi, kabla ya kufika Uthiru. Hapo hukutana na lango la Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI), na hatua chache mbele ziko maabara za serikali za Kabete.

Kutoka ujirani huo wa magharibi mwa Nairobi ndiko kulikoratibiwa jaribio kubwa la kuwapatia wakulima wa Afrika mahindi yaliyotiwa jeni ya kustahimili ukame. Na Mkenya aliyeitetea sayansi hiyo kwa bidii kuliko wengi, ndani na nje ya nchi, hakujipatia jina kwa kazi ya maabara. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyegeuka mwandishi wa habari, kisha msomi wa sera.

Profesa Calestous Juma alizaliwa Juni 9, 1953 katika eneo la Port Victoria, Budalangi, ufuoni mwa Ziwa Victoria. Hilo ni eneo ambalo mto Nzoia umezoea kuvunja kingo zake na kusomba mashamba, na kuwaacha wenyeji mikono mitupu.

Babake, John Juma Kwada, alikuwa seremala. Ndiye aliyeleta zao la muhogo katika sehemu hiyo, na badala ya kushukuriwa alikumbana na upinzani wa wanakijiji waliolitilia shaka. Baada ya muda, muhogo ukawa chakula cha kawaida. Kisa hicho hakikumtoka mwanawe akilini. Alikirejelea hata alipokuwa profesa, kama ushahidi kwamba chakula kipya huogopwa kwanza kabla ya kuzoeleka.

Baada ya kusomea ualimu, kijana huyo alifundisha mjini Mombasa katika miaka ya sabini. Huko alijenga mazoea ya kuandika barua kwa mhariri wa gazeti la Daily Nation kuhusu mambo ya sayansi na mazingira. Barua hizo zilimfungulia mlango. Mwaka 1978 aliajiriwa na gazeti hilo jijini Nairobi kuandika habari za sayansi na mazingira, kazi ambayo wakati huo ilikuwa ngeni katika vyumba vya habari barani Afrika.

Hakudumu sana gazetini. Mwaka 1979 alijiunga na kituo cha mashirika ya mazingira kilichokuwa na makao Nairobi, kisha akaenda Uingereza katika Chuo Kikuu cha Sussex, alikopata shahada ya uzamifu mwaka 1987 katika sera za sayansi na teknolojia.

Aliporejea alianzisha, mwaka 1988, Kituo cha Afrika cha Mafunzo ya Teknolojia, ACTS, jijini Nairobi. Wakati ambapo serikali nyingi za Afrika ziliona sayansi kuwa shughuli ya vyuo vikuu pekee, kituo hicho kilisisitiza kuwa ni suala la chakula, biashara na sheria.

Mwaka uliofuata alichapisha kitabu chake kuhusu wawindaji wa jeni na kinyang'anyiro cha mbegu. Alieleza jinsi mataifa yenye nguvu yalivyojitajirisha kwa kukusanya mimea ya nchi nyingine, na akaonya kwamba teknolojia mpya ya jeni ingeweza kuwaumiza wakulima wa Afrika iwapo viwanda vya ng'ambo vingetengeneza maabarani bidhaa walizozoea kuuza. Alikuwa akionya juu ya nani anamiliki mbegu, wala hakuwa akiipinga sayansi yenyewe.

Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa kumwelewa Juma. Wapo waliodhani baadaye kwamba aligeuka. Ukweli ni kwamba tangu mwanzo aliamini kuwa anayekosa kuifahamu teknolojia huishia kuuziwa na wengine.

Kuanzia 1995 hadi 1998 alikuwa Katibu Mtendaji wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Bayoanuwai. Ni katika kipindi hicho mataifa yalianza majadiliano yaliyozaa Itifaki ya Cartagena kuhusu usalama wa viumbe vilivyobadilishwa jeni. Itifaki hiyo ilifunguliwa kutiwa sahihi Nairobi Mei 2000, na Kenya ikawa ya kwanza kusaini. Wakati huo Juma alikuwa amekwishahamia Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alikofundisha kuanzia 1999.

Miaka hiyo ilileta matumaini makubwa. Mwaka 2001 watafiti wa Amerika Kaskazini walitangaza kuwa wameongeza nguvu jeni inayouwezesha mmea kuifungia chumvi ndani ya vifuko vya seli zake, na mnyanya wao ukazaa ulipomwagiliwa maji ya chumvi ambayo ungeyategemea kuunyausha. Kwa nchi ambazo umwagiliaji wa muda mrefu huacha chumvi juu ya udongo, hiyo ilikuwa habari njema.

Kuhusu ukame, mradi uliojulikana kama WEMA ulizinduliwa mwaka 2008. Uliongozwa na wakfu wa teknolojia ya kilimo, AATF, uliokuwa na ofisi katika uwanja wa ILRI, Uthiru. Kampuni ya Monsanto ilitoa bila malipo ya hataza jeni iliyotoka kwa bakteria wa udongoni, ambayo husaidia seli za mhindi kuendelea na kazi maji yanapopungua. Majaribio ya Kenya yalianza 2010 katika shamba lililozungushiwa ua huko Kiboko, Makueni.

Juma hakuwa msimamizi wa mradi huo, lakini alikuwa amekwishaandaa uwanja wa hoja. Mwaka 2007 yeye na Ismail Serageldin wa Misri waliongoza jopo lililoushauri Umoja wa Afrika kuhusu bayoteknolojia. Walipendekeza nchi jirani zishirikiane katika maabara, wataalamu na sheria, kwa kuwa nchi moja moja haingeweza kugharamia yote. Mnamo 2009 Kenya ilipitisha sheria yake ya usalama wa viumbe.

Kisha mambo yakageuka. Novemba 2012 Baraza la Mawaziri lilipiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO, miezi michache baada ya utafiti wa Ufaransa kudai kuwa panya waliolishwa mahindi hayo walipata uvimbe. Jarida lililouchapisha liliufuta mwaka 2013, lakini marufuku yakabaki. Juma aliyakosoa, akishikilia kuwa kukataa teknolojia nako kuna hatari zake, na kwamba hatari hizo humwangukia maskini kwanza.

Utetezi wake haukukosa doa. Mwaka 2015 gazeti la Boston Globe liliripoti kwamba makala yake ya 2014 kuhusu bayoteknolojia iliandikwa kufuatia ombi la Monsanto, na wasomaji hawakuelezwa hivyo. Juma alijitetea kuwa hakulipwa na kwamba mawazo yalikuwa yake. Kwa wapinzani wake, mtu aliyeanza kwa kuuliza nani anamiliki mbegu alipaswa kuwa wa kwanza kutaja nani alimwomba aandike.

Kitabu chake cha mwisho, cha 2016, kilichunguza kwa nini jamii hukataa mambo mapya, kuanzia kahawa na majarini hadi mbegu za jeni. Alionyesha kuwa watu huogopa kupoteza riziki, hadhi na desturi zao, na akawataka wanasayansi wawasikilize badala ya kuwadharau. Kwa namna fulani, lilikuwa jibu kwa wanakijiji waliomzuia babake na muhogo.

Juma alifariki dunia Desemba 15, 2017 nchini Marekani akiwa na umri wa miaka 64. Alimwacha mke na mwana mmoja.

Hakuyashuhudia yaliyofuata. Mwaka 2018 wadhibiti wa Afrika Kusini walikataa aina ya mahindi yenye jeni hiyo ya ukame, wakisema ushahidi wa faida yake haukutosha. Nchini Kenya, serikali iliondoa marufuku Oktoba 2022, wakati wa ukame mbaya zaidi katika miaka 40, na hatua hiyo ikapelekwa mahakamani mara moja. Mbegu za WEMA zilizowafikia wakulima wa Kenya kuanzia 2013 zilikuwa zile zilizozalishwa kwa njia ya kawaida, bila jeni ya kigeni.

Hivyo historia haijampa ushindi kamili, wala haijamkana. Alichokiacha mwana huyo wa seremala ni swali ambalo halikuwa likiulizwa sana Afrika kabla yake: mbegu ya kesho itatengenezwa na nani, kwa sheria ya nani, na mkulima atakuwa na sauti gani?