Peter Debye na Ncha za Maji

Mama akitia chumvi katika maji, chumvi yayeyuka. Akitia mawese, mafuta yaelea juu. Kwa nini? Aliyetusaidia kujua sababu yake ni Peter Debye.

Alizaliwa mwaka 1884 katika mji wa Maastricht, nchi ya Uholanzi. Baba yake alikuwa fundi katika kiwanda cha vyuma. Debye alisomea ufundi wa umeme huko Aachen, mji wa Ujerumani ulio karibu na kwao. Mwaka 1908 akawa daktari wa fizikia, na mwaka 1911 akashika mahali pa Einstein katika chuo kikuu cha Zürich.

Maji, mafuta na hewa vimefanyizwa kwa vipande vidogo mno, viitwavyo molekuli. Ndani yake mna umeme wa namna mbili, chanya na hasi. Mwaka 1912 Debye alieleza ya kuwa molekuli nyingine zina ncha mbili: ncha moja ya chanya, ncha ya pili ya hasi. Nyingine hazina ncha. Lakini zikiletwa karibu na umeme, umeme wa ndani yao wasogea kidogo, nazo zapata ncha kwa muda tu.

Tutazitambuaje? Kwa joto. Molekuli zenye ncha hujipanga kufuata umeme, lakini joto lazivuruga, kama watoto wanaosukumana mstarini. Joto likizidi, mpango waharibika zaidi. Zile zisizo na ncha hazivurugwi hivyo.

Hata leo kipimo cha nguvu ya ncha hizo chaitwa debye. Molekuli ya maji ina debye 1,85. Kwa hiyo twajua ya kuwa imepindika kama kiwiko. Kama ingenyoka, isingekuwa na ncha. Ncha hizo huvuta chumvi na kuiyeyusha. Mafuta karibu hayana ncha, ndiyo maana hayachangamani na maji.

Mwaka 1936 Debye alipewa zawadi ya Nobel ya kemia. Siku zile alifanya kazi Berlin, na Hitler alikuwa akiwatesa Wayahudi. Mwezi wa Julai 1938, Debye alimsaidia Lise Meitner, mtaalamu wa ukoo wa Kiyahudi, kukimbilia Uholanzi. Lakini Desemba ya mwaka uleule, akiwa mkuu wa chama cha wanafizikia wa Ujerumani, alitia sahihi barua ya kuwataka Wayahudi watoke chamani.

Baadaye wakuu walimwamuru awe raia wa Ujerumani. Alikataa, na mwaka 1940 akaenda Marekani. Alifundisha katika chuo kikuu cha Cornell, akafa mwaka 1966. Miaka 40 baadaye, Waholanzi walikuwa wakibishana bado juu ya barua ile.

Watoto, someni kwa bidii kama Debye. Lakini mkumbuke: jina tulilotia chini ya barua hutufuata hata kaburini. Siku tutakapoombwa kumfukuza jirani yetu, tumwombe Mungu nguvu ya kukataa.

Maswali
1. Kwa nini maji huyeyusha chumvi, wala hayachangamani na mawese?
2. Joto lafanya nini kwa molekuli zenye ncha?
3. Mwaka 1938 Debye alitenda jema gani, na baya gani?