Johannes Rebmann, Mtumishi Asiyeiacha Kazi Yake

Mara nyingi tunasikia manung'uniko ya wale waliopewa kazi ndogo mahali padogo. Mwalimu mmoja amefundisha miaka mitatu, na darasa lake la ubatizo lina watu wawili tu. Mwingine alianza kwa furaha, na sasa mikono yake imelegea. Kwa hiyo twapenda kuwakumbusha habari za mtu ambaye Wakristo wengi wa Kilimanjaro hulijua jina lake, lakini pengine hawaijui taabu yake.

Johannes Rebmann alizaliwa mwaka wa 1820 huko Gerlingen, katika nchi ya Württemberg, Ujerumani. Alisoma katika chuo cha Misioni cha Basel, akatumwa na Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza, akafika Mombasa mwaka wa 1846. Hapo alimkuta Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili kabla yake alikuwa amemzika mkewe na mtoto wake mchanga. Mwaka ule ule wakahamia Rabai, katikati ya Wanyika, ndio waitwao leo Wamijikenda. Siku ile ya kupanda kilima kwenda kukaa huko, wote wawili walikuwa wagonjwa wa homa.

Shauku ya Rebmann ilikuwa kuipeleka Injili bara. Mwezi wa Aprili 1848 aliondoka pamoja na kiongozi wake, Bwana Kheri, na wapagazi wachache. Tarehe 11 Mei akaona weupe juu ya kilele cha Kilimanjaro. Kiongozi wake hakuwa na jina la kitu kile, ila alijua kuwa ni baridi. Rebmann akatambua ya kuwa ni theluji. Akafika Kilema kwa Mangi Masaki, akarudi salama. Kabla ya mwaka kwisha akaenda tena, hata Machame, na Mangi Mamkinga akampokea vizuri. Moyo wake ukajaa matumaini.

Mwaka wa 1849 akaenda mara ya tatu, akitaka kupita Uchaga mpaka Unyamwezi. Lakini safari hii Mamkinga alimnyang'anya mali yake kidogo kidogo, hata hakubakiwa na kitu cha kumwendesha mbele. Akarudi Rabai mikono mitupu, wala hakuuona tena mlima ule. Huko Ulaya nako bwana Cooley, mtaalamu wa ramani, aliikana habari ya theluji. Ilithibitishwa katika miaka ya 1861 na 1862, von der Decken alipofika mlimani.

Basi, mlango alioutamani ulifungwa. Alifanya nini? Aliishika kazi iliyokuwa karibu. Alikaa na watu wa Rabai, akawafundisha, akakusanya maneno yao siku kwa siku. Alimpata pia Salimini, mtumwa aliyetoka upande wa Nyasa, akajifunza kwake Kinyanja na kuyaandika maneno ya lugha ile. Haba na haba hujaza kibaba.

Wenzake waliondoka mmoja mmoja: Krapf mwaka wa 1853 kwa ajili ya ugonjwa, na Erhardt mwaka wa 1855. Mwaka wa 1866 mkewe Emma akafariki. Halafu macho yake yakaanza kufa. Waliobatizwa walikuwa wachache sana, na wageni waliofika waliona kama kwamba kazi haiendelei. Hata hivyo alikaa miaka 29, wala katika muda huo wote hakurudi kwao.

Mwaka wa 1875 akarudi Ujerumani akiwa kipofu. Aliyemshika mkono ni Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, mmoja wa Wakristo wa kwanza wa Rabai. Ndugu, litazameni jambo hili. Wale wachache waliodharauliwa kwa hesabu, mmoja wao ndiye aliyekuwa macho ya mzee njiani.

Rebmann alilala katika Bwana huko Korntal, tarehe 4 Oktoba 1876. Kamusi yake ya Kinyanja ilipigwa chapa mwaka wa 1877, na ile ya Kinyika mwaka wa 1887. Hakuiona hata moja. Mwaka wa 1893 wamisionari Walutheri wa Leipzig waliingia Uchaga, na Kanisa likaota mizizi katika miteremko ile aliyofukuzwa kwa hila.

Sisi nasi tuna malengo yetu: huyu kujenga kanisa, huyu kumaliza masomo, huyu kumrudisha ndugu aliyepotea. Tukingoja kuona mavuno ndipo tupate nguvu, tutachoka mapema. Rebmann hakuishi kwa mavuno; aliishi kwa kazi ya kila siku, akamwachia Mungu hesabu. Basi wewe mwalimu mwenye wanafunzi wawili, kesho piga kengele yako kama kawaida. Wafundishe hao wawili kana kwamba ni mia. Hujui ni yupi kati yao atakayekushika mkono giza litakapoingia.

Bwana na atutie nguvu sote.