James Grant: Askari Aliyehesabu Uhai wa Watoto

Miongoni mwa watu ambao askari na polisi wa mwambao wa Rumonge wanastahili kuyajua maisha yao ni hayati James Grant, Mmarekani aliyewahimiza wakuu wa dunia kuyapima mataifa kwa idadi ya watoto wanaokufa.

Grant alizaliwa Peking, nchini China, mwaka 1922. Baba yake, Daktari John Grant, alikuwa huko akifanya kazi ya kuwakinga raia na maradhi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kijana huyo alilitumikia jeshi la nchi yake huko Burma na China. Baadaye alisomea sheria Harvard, kisha akaingia katika kazi ya maendeleo.

Katika miaka ya 1970, akiongoza taasisi ya utafiti wa maendeleo mjini Washington, alisimamia kutungwa kwa kipimo kipya cha hali ya maisha. Kilihesabu mambo matatu: vifo vya watoto kabla ya kutimiza mwaka, urefu wa maisha, na kujua kusoma na kuandika. Kwa kipimo hicho, Sri Lanka, nchi maskini, ilizipita nchi nyingi zilizoizidi mali.

Mwaka 1980 alikabidhiwa uongozi wa UNICEF. Mwaka 1982 akaanzisha kampeni yenye silaha nne: kupima ukuaji wa mtoto, kumnywesha anayehara maji yenye chumvi na sukari, kumnyonyesha maziwa ya mama, na kumchanja. Mwaka 1985, El Salvador ikiwaka vita, jeshi la serikali na wapiganaji wa msituni walinyamazisha bunduki kwa siku tatu ili watoto wachanjwe. Mwezi wa Septemba 1990, wakuu 71 wa nchi na serikali walikutana New York kwa ajili ya watoto. Grant alifariki dunia Januari 1995.

Hata hivyo, kazi yake haijakamilika. Silaha zake zilimwokoa zaidi mtoto aliyekwisha kuvuka mwezi wa kwanza. Kichanga huuawa hasa na kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa pumzi anapozaliwa, na maambukizo. Hayo yanahitaji mkunga hodari na hospitali inayofikiwa mapema.

Tuwatazame majirani. Katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, chunguzi za kitaifa zilionyesha kuwa waliokufa katika mwezi wa kwanza walikuwa 28 Kongo (2013-2014), 23 Burundi (2016-2017), 19 Rwanda (2019-2020) na 24 Tanzania (2022). Miaka ya chunguzi hailingani. Lakini Burundi, iliyo maskini kuliko Tanzania, haikuachwa nyuma. Tangu 2006 serikali ya Burundi iliondoa malipo ya uzazi hospitalini na ya matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano. Lengo la Umoja wa Mataifa ni kutozidi 12 ifikapo 2030. Safari bado ni ndefu.

Askari hana chanjo mkononi. Ana kizuizi cha barabarani, ana gari, ana boti ziwani. Mama mwenye uchungu akitokea Kigwena usiku kwenda hospitali ya Rumonge, apitishwe kwanza; karatasi zitazamwe baadaye. Dakika zinazopotea kizuizini huhesabiwa katika takwimu hizo.