Fumo Liyongo na Siri ya Sauti Nzito

Katika kwaya nyingi za shule zetu, sauti ya nne hugawiwa kana kwamba ni adhabu. Mwalimu huwachagua kwanza wenye sauti nyororo, wale watakaosimama mbele na kutazamwa na waamuzi wa tamasha, kisha wavulana ambao koo zao zimekwisha kukomaa husukumwa nyuma, wakaambiwa wavume. Katika bendi za vijana mambo ni yayo hayo. Kila mmoja hulitaka gitaa la solo, na besi humwangukia aliyechelewa kufika mazoezini. Hata hivyo wapo wanaoichagua besi kwa hiari yao, tena wakadumu nayo maisha yao yote. Anayetaka kujua sababu hana haja ya kwenda Kinshasa. Na aondoke Garsen, ashike njia ya Witu, kisha ateremke mpaka Kipini, mahali Mto Tana unapoingia baharini. Hapo ndipo wenyeji waonyeshapo kaburi la Fumo Liyongo.

Walimu wa fasihi watastaajabu kumwona Liyongo akiingizwa katika mjadala wa muziki. Wanafunzi wamezoea kumpokea kama jitu lenye nguvu za ajabu. Mtahini huuliza sifa za shujaa, na mwanafunzi hujibu kwamba alikuwa jasiri, mwenye nguvu na mkarimu. Tamthilia ya Kithaka wa Mberia, Kifo Kisimani, iliyotolewa mwaka wa 2001 na kutahiniwa kwa miaka kadhaa katika shule za sekondari, ilikichukua kisa hicho ikatuchorea mpigania haki. Sina ugomvi na sura hizo. Lakini mapokezi ya pwani humkumbuka Liyongo pia kama mtunzi wa nyimbo na bingwa wa gungu na mwao, ngoma za waungwana wa zamani, na nyimbo nyingi zinazonasibishwa naye zilihifadhiwa kwa sababu watu waliendelea kuzicheza. Mwanafunzi akiandika katika karatasi yake kwamba Liyongo alikuwa mwanamuziki, yamkini hatapewa alama. Nadhani angestahili kupewa.

Wataalamu wamevutana sana kuhusu zama zake. Wapo wanaomweka katika karne ya 13 au kabla yake, na wapo wanaomsogeza mbele karne kadhaa. Masimulizi, hata hivyo, yanapatana juu ya nchi yake. Alikuwa mtu wa Shaka na Ozi, miji iliyokuwa karibu na mlango wa Tana, jirani na Ungwana ambayo magofu yake James Kirkman aliyachimbua katika miaka ya 1950. Edward Steere alikichapisha kisa chake mwaka wa 1870, na mwaka wa 1913 Muhamadi Kijuma wa Lamu akakitia katika utendi. Kijuma huyo, jambo ambalo madarasa yetu hulisahau, alikuwa mwenyewe mpigaji wa kibangala na mchonga milango; kwa hiyo kisa cha mwanamuziki kiliandikwa na mwanamuziki.

Liyongo alikuwa wa nasaba ya watawala, na sultani wa Pate alimwogopa kwa kuwa watu walimpenda kupita kiasi. Siku moja Wagala walifika Pate kufanya biashara, wakasikia sifa zake, wakatamani kumwona. (Hilo la Wagala ni jina la vitabu vya kale, Waorma wa Tana hawapendi kuitwa hivyo.) Liyongo aliitwa, na safari ya siku nyingi akaimaliza kwa muda mfupi. Alipofika langoni hakubisha hodi. Alivuvia pembe kwa pumzi iliyoipasua pembe yenyewe, na mji mzima ukataharuki. Kisha akautua mkoba wake akatoa kinu, mchi, jiwe la kusagia, vyungu na mafiga, mpaka wageni wakapigwa na butwaa. Wagala waliomba mbegu ya mtu huyo. Akaozwa kwao, akazaa mtoto wa kiume. Mtu wa mlangoni mwa mto akawa mkwe wa wafugaji wa bara, jambo ambalo si dogo kwa wilaya ambayo katika mwaka wa 2012 na mwanzoni mwa 2013 Wapokomo na Waorma waliuana kwa sababu ya maji na malisho, wakafa watu zaidi ya mia moja.

Ile pembe ya langoni ndiyo iliyomponza. Sauti yake ilitangaza jina lake juu ya jina la sultani, na kuanzia hapo sultani hakulala. Wasanye na Wadahalo waliahidiwa fedha wamwue. Walimchukua porini, wakakubaliana kila mtu apande mkoma kwa zamu kuangua makoma, ili zamu yake ikifika wamfume mishale akiwa juu. Zamu yake ilipofika, Liyongo hakupanda. Aliuvuta upinde wake akayaangua makoma kwa mishale, nao wakarudi mikono mitupu. Mwishowe ikabidi sultani atumie kitu ambacho Liyongo hakuweza kukikataa, nacho ni ngoma. Alialikwa kucheza, akaenda, akakamatwa katikati ya uchezaji, akafungwa kwa minyororo gerezani, nje wakiwekwa walinzi.

Kila siku mama yake alimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi aliyeitwa Saada. Walinzi walikuwa wakinyang'anya kilicho kizuri, wakimwachia mfungwa makombo. Liyongo aliutambua ulafi huo akautumia. Kwa wimbo ambao walinzi waliusikia wasiuelewe, alimwagiza Saada amwambie mama aoke mkate wa wishwa na ndani yake atie tupa. Mkate ulipoletwa, walinzi walichukua ule wa unga mzuri, wakamtupia ule wa wishwa. Sasa tupa anayo, lakini tupa ikikereza chuma hulia, na walinzi wana masikio.

Hapa ndipo tunapomwona mwanamuziki. Ilipotangazwa kwamba atauawa, aliulizwa haja yake ya mwisho. Hakuomba chakula wala msamaha. Aliomba ngoma ya gungu ipigwe usiku nje ya gereza, yaletwe matoazi, pembe na upatu, na watu wakusanyike. Mwenyewe akawafundisha viitikio kutoka gizani. Mji ulicheza, na humo ndani tupa ikafanya kazi. Minyororo ilipokatika alijitokeza mlangoni, watu wakakimbia ovyo, naye akaenda zake bara.

Walimu wa fizikia wanaweza kukifafanua kisa hiki kuliko sisi wa fasihi. Kelele kali ya matoazi hushindana na mlio wa tupa kwa kuwa zote mbili ni sauti nyembamba. Lakini matoazi yana pengo kati ya pigo na pigo, na katika pengo hilo tupa ingesikika. Kinachoziba pengo ni ngoma nzito, ile ambayo wazee waliiita vumi, kwa sababu sauti yake haikatiki upesi kama ya chapuo. Zaidi ya hayo, sikio la binadamu limeumbwa hivi kwamba sauti nzito yenye nguvu huifunika nyembamba kwa urahisi, ilhali nyembamba haiwezi kuifunika nzito kwa kiasi hicho. Huenda Liyongo hakuyajua maelezo haya. Matokeo yake aliyajua kwa mikono yake, kama ajuavyo kila mpigaji. Nami siwezi kuamini kwamba aliikereza minyororo kiholela. Mchezaji wa gungu hawezi kusogeza mkono nje ya mwendo wa ngoma. Bila shaka kila mkwaruzo wa tupa uliangukia juu ya pigo.

Basi ukiniuliza kwa nini mtu huchagua besi, nitakwambia: kwa sababu ile iliyomfanya Liyongo aachane na pembe. Pembe humtangaza anayeivuvia. Sauti nzito humficha anayeipiga, kisha huwatawala wote wanaocheza. Msikilize mpigaji wa gitaa la besi katika benga, mtindo ambao besi yake huruka na kusukuma kuliko mitindo mingi ya Afrika Mashariki. Watu humshangilia mwimbaji, lakini miguu yao humfuata mwenzake wa nyuma. Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya mtumwa asiye na shukrani. Mimi naiona kuwa ni mamlaka ya aina nyingine, na wanaoionja kwa kawaida hawataki kurudi mbele.

Watu wa Tana walilijua hilo kabla ya magitaa. Wapokomo walikuwa na ngadzi, ngoma yao takatifu yenye mngurumo, iliyotunzwa na wazee mbali na macho ya watu wa kawaida. Heshima yake ilikuwa katika kusikiwa bila kuonekana. Mwaka wa 1902 maafisa wa Kiingereza waliinyakua, na mwaka wa 1908 ikaingia katika Makumbusho ya Uingereza jijini London, ikakaa ghalani zaidi ya miaka mia moja. Wapokomo wamedai irudishwe. Ngoma iliyonyamazishwa ghalani imepoteza hata ile siri yake, kwa kuwa sasa aliyeruhusiwa kuingia ghalani huweza kuiona, na hapana anayeisikia. Kutoka kwa watu hao hao ndiko kulikochukuliwa wimbo wa kubembelezea watoto ambao mwaka wa 1963 ulifanywa msingi wa lahani ya wimbo wetu wa taifa. Kila kwaya inapouimba kwa sauti nne, wale wavulana wa nyuma ndio wanaoubeba.

Liyongo hakushindwa na jeshi. Sultani alimrubuni mwanawe yule wa Kigala kwa ahadi ya cheo na binti, naye akamdodosa baba yake mpaka akaambiwa kwamba hakuna chuma kimwezacho, ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Baba alijua anauzwa, na bado alisema. Kijana alijaribu zaidi ya mara moja moyo ukimwenda mbio, hatimaye akamchoma usingizini. Liyongo aliamka, akashika upinde, akaenda mpaka kisimani, akapiga goti huku mshale umepachikwa, akafa katika hali hiyo. Watu walimwona kwa mbali wakadhani yu hai. Siku kadhaa hapana aliyethubutu kuteka maji. Mama yake aliombwa aende akamsihi, akaenda akimtuliza kwa maneno na nyimbo, asijibiwe. Kimya chake kiliuzuia mji kama ngoma yake ilivyouchezesha, mpaka mwili ulipoanguka wenyewe na watu wakaingia kisimani na ndoo zao. Yule kijana hakuipata ahadi aliyopewa.